Kubuni viatu vya miiba vya kupandia nguzo za mbao: kuanzia pembe ya ncha hadi jaribio la mifuko ya saruji

Kiatu cha miiba hakihitaji kuvunjika ili kimwangushe fundi. Kinaweza kuwa kizima, kimefungwa barabara, lakini mwiba ukagusa mbao kwa pembe mbaya na kuikwangua badala ya kuzama. Kwa hiyo kazi ya kubuni inaanza na pembe. Unene wa chuma unafuata, na mikanda huja mwisho.

Mwongozo huu ni wa nguzo za mbao, hasa za mkaratusi zinazotiwa dawa kwenye viwanda vya Mufindi na Njombe, Tanzania, na kusambazwa kwenye laini za usambazaji wa umeme. Nguzo za zege hazihusiki kabisa. Mwiba hauna cha kushika pale, na huko hutumika ngazi au gari la kikapu. Kitakachotoka hapa ni sampuli ya kupima kwenye gogo fupi. Kabla hakijaenda kazini chini ya nyaya, lazima kipite kwa mkaguzi wa usalama wa mwajiri na kwenye viwango vinavyotumika. Kwa vifaa vya aina hii, kiwango kinachotajwa zaidi ni ASTM F887 cha Marekani.

Majina ya sehemu tutakayotumia: mhimili ni bapa la chuma linalopanda upande wa ndani wa mguu, kikanyagio ni sehemu iliyokunjwa kupita chini ya soli, mbele kidogo ya kisigino, mwiba ni ncha inayoingia kwenye nguzo, mto ni bamba lenye sponji linalokaa chini ya goti kwa ndani.

Hatua ya 1: Chora pembe kabla ya kukata chochote

Fundi aliyesimama vizuri kwenye nguzo huweka magoti mbali na mbao. Sehemu ya mguu kati ya goti na kifundo huinama karibu nyuzi 30 kutoka kwenye nguzo. Mwiba nao umetoka kwenye mhimili kwa pembe yake. Ukiupa nyuzi 17, ncha inaingia kwenye mbao kwa nyuzi 47 hivi (30 jumlisha 17). Hapo uzito wa mtu unausukuma mwiba ndani zaidi.

Sasa mchukue mtu huyohuyo aliyeogopa akaikumbatia nguzo. Magoti yamegusa mbao, mguu umesimama wima, zile nyuzi 30 zimepotea. Mwiba umebaki na nyuzi zake 17 tu, karibu sambamba na mbao, na unachonga kama randa. Ndiyo maana wanafunzi huteleza wanapojikaza kushikilia nguzo.

Unaweza kushawishika kuongeza pembe ya mwiba hadi 30 ili kumlinda mwoga. Usifanye hivyo. Ncha itatoka mbali zaidi na mguu, mzigo kwenye chuma utapanda, na kuchomoa mwiba kwa kila hatua kutakuwa kazi ya nguvu. Anza na nyuzi 15 hadi 18, kisha majaribio yaamue.

Urefu wa mwiba mpya uwe milimita 45, ukipimwa upande wa chini. Kanuni za usalama kazini za Marekani zinakataza mwiba wa nguzo uliopungua inchi 1¼, yaani karibu milimita 32, kwa hiyo una milimita 13 za kula kwa tupa kabla ya kuutupa. Miiba ya kupandia miti hai ni mirefu zaidi kwa sababu lazima ipite kwenye gome. Kwenye nguzo iliyomenywa urefu huo hauna faida, unakusogeza tu mbali na mbao.

Hatua ya 2: Hesabu ya mzigo

Hii ndiyo sehemu ambayo karakana nyingi huruka, na ndiyo inayoamua ununue chuma gani.

Chukua fundi wa kilo 80 na zana za kilo 15: jumla kilo 95, sawa na newtoni 932. Wakati wa kupanda, uzito wote huwa kwenye mguu mmoja. Katikati ya buti lenye upana wa milimita 100 ni milimita 50 kutoka kwenye mhimili, na ncha ya mwiba iko kama milimita 25 upande wa pili. Umbali kati ya mzigo na ncha ni milimita 75, na nguvu ya kupinda ni 932 × 0.075, karibu newtoni-mita 70. Mtu hapandi polepole kama mzigo wa winchi, hukanyaga kwa kishindo. Zidisha kwa 2.5 upate 175.

Ubavu wa bapa dhidi ya kupinda huku ni upana mara unene mara unene, gawanya kwa 6. Kwa milimita 30 × 10 ni 500. Geuza zile 175 kuwa newtoni-milimita 175,000 na ugawanye kwa 500: mkazo ni megapaskali 350. Chuma laini cha kawaida cha dukani huanza kupinda bila kurudi kwenye 250. Kwa hiyo bapa hilo, ambalo kwa macho linaonekana nene kupita kiasi, halifai. Ili chuma laini kitoshe unahitaji 40 × 12, na kila mguu utabeba karibu kilo 1.9 za chuma tupu. Hakuna atakayevaa hivyo siku nzima.

Chuma cha springi za gari, kikikaushwa (kupashwa moto mkali na kuzamishwa kwenye oili ili kiwe kigumu) na kurudishwa (kupashwa tena kwa moto mdogo ili kisimegeke) vizuri, huvumilia zaidi ya megapaskali 1,000. Bapa la 30 × 8 linapata mkazo wa 547, na hata ukitoboa tundu la milimita 8 katikati linafika kama 745. Uzito wake ni kama nusu ya lile la chuma laini. Nunua bapa jipya la springi. Springi iliyotoka kwenye gari imekunjwa na kukunjuliwa mara zisizohesabika, na nyufa zake huwa ndogo mno kuonekana kwa jicho. Kama huna budi, isafishe hadi ing'ae, ipake mafuta ya taa, subiri nusu saa, futa kavu, kisha paka chaki ya unga. Ufa utajionyesha kwa mstari wa unyevu, na chuma hicho ukitupe.

Hesabu ileile inakuambia jambo kuhusu mto. Ule mpindo wa newtoni-mita 70 hupingwa na mguu wako chini ya goti: 70 gawanya kwa urefu wa mhimili wa mita 0.38 ni newtoni 184, kama kilo 19 zinazosukuma mfupa wa ndani wa mguu kila unapokanyaga. Mto mdogo unaacha alama ya bluu siku ya kwanza.

Hatua ya 3: Vifaa kwa jozi moja

- Bapa la springi 30 × 8, vipande 2 vya milimita 470 (mhimili wa chini pamoja na kikanyagio)
- Bapa la springi 30 × 5, vipande 2 vya milimita 220 (mhimili wa juu)
- Chuma cha springi cha unene wa milimita 12 kwa miiba 2, na viwili vya akiba
- Bolti M8 za daraja 8.8 na nati zenye plastiki ndani, 4. Bolti M6 za aina hiyo, 4
- Mikanda ya poliesta ya upana wa milimita 25: viwili vya milimita 560 kwa kifundo, viwili vya 660 kwa mto
- Bizimu 4 zenye ulimi na rola
- Bamba la alumini la milimita 2, sponji ngumu na ngozi kwa mito ya milimita 100 × 80
- Mpira wa hosi nene kwa vifuniko vya miiba

Ngozi kwa mikanda inafaa pia, ila kreosoti, ile dawa nyeusi ya kuhifadhi nguzo, huikausha ikapasuka mapema.

Hatua ya 4: Kupima mguu na kukunja

Vaa buti utakalofanyia kazi. Liwe na kisigino kilichosimama cha angalau milimita 15, na chuma ndani ya soli katikati. Buti la soli laini hupeleka uzito wote kwenye upinde wa unyayo. Pima kutoka chini ya soli hapo kwenye upinde hadi mfupa uliochomoza upande wa ndani wa goti, kisha toa milimita 12. Huo ndio urefu wa mhimili hadi ukingo wa juu wa mto. Ukizidi, chuma kitagonga goti ukikunja mguu; ukipungua, ule mkono wa mita 0.38 unafupika na kilo 19 zinapanda.

Pasha bapa hadi rangi ya chungwa na ulikunje likiwa jekundu. Kona ya kikanyagio iwe na duara la ndani la milimita 16 au zaidi. Kona kali ndiyo mahali ufa unapozaliwa. Kikanyagio kiwe na upana wa buti jumlisha milimita 5, na mwisho wake upinde juu milimita 35 ili upokee mkanda wa kifundo. Usawa wa kifundo, uchepushe mhimili milimita 12 hadi 15 kuelekea nguzo ili usisugue mfupa. Miguu ni miwili: kunja wa kushoto na wa kulia. Kosa hilo linaonekana la kitoto mpaka umeshakausha vipande viwili vya upande mmoja.

Toboa matundu yote sasa, kabla ya kukausha. Matundu ya M8 ya mwiba yapangwe wima, moja juu ya jingine kwa umbali wa milimita 30. Ukiyaweka sambamba unalikata bapa mahali penye mzigo mkubwa kuliko pote. Matundu ya M6 ya kurekebisha urefu yawe juu, yakipishana milimita 12, na vipande viwili vilaliane angalau milimita 80. Huko juu mpindo umeshapungua, kwa hiyo bapa la 5 linatosha.

Usichomelee mwiba kwenye mhimili. Chuma cha springi kikichomelewa bila maandalizi hugeuka kigumu kama kioo pembeni mwa weldi, na hukatika ghafla bila kupinda kwanza. Tena mwiba wa bolti unabadilishwa kwa dakika kumi.

Hatua ya 5: Kukausha na kurudisha

Pasha vipande hadi karibu nyuzi joto 850 (sumaku iwe imeacha kushika, kisha ongeza kidogo) na uvizamishe kwenye oili ya uvuguvugu. Usitumie maji, yanapasua. Kisha rudisha kwa nyuzi 420 hadi 450 kwa saa moja, kwenye tanuru lenye kipimajoto. Kusoma rangi kwa macho hakutoshi, kwa sababu ukipita bluu rangi zote zinakuwa kijivu.

Kipimo cha karakana: tupa mpya ishike kwenye mwiba, kwa shida lakini ishike. Ikiteleza, mwiba ni mgumu mno. Utamegeka, na huwezi kuunoa.

Hatua ya 6: Kunoa

Tupa bapa pekee, kutoka shinani kuelekea nchani, upande wa chini. Grenda marufuku: cheche chache zinatosha kufuta kazi ya hatua ya tano pale nchani. Usiifanye ncha kama sindano. Acha bega dogo la milimita 3 hivi kutoka nchani, maana ncha nyembamba hujikunja kwenye mkaratusi mkavu.

Hatua ya 7: Majaribio, kwa mpangilio huu

Ubao. Laza kiatu juu ya ubao wa msindano, mwiba ukigusa ubao na mhimili ukiwa sambamba nao. Sukuma mbele bila kukandamiza kikanyagio. Mwiba mzuri unajichimba na kushika ndani ya milimita 25.

Kuchomoka. Kwenye nguzo, kama sentimita 30 kutoka ardhini, mguu ukiwa kwenye nyuzi 30, gusisha mwiba uingie milimita 6 tu. Shikilia mhimili kwa mkono, kanyaga polepole. Unapaswa kuzama na kushika kabla ya kuteleza milimita 50. Ukikwangua zaidi, rudi kwenye tupa; ukikwangua tena, rudi kwenye pembe.

Mzigo. Funga gogo wima, zamisha mwiba, egemeza mto kwenye kizuizi imara, na ning'iniza mifuko 5 ya saruji (kilo 250) katikati ya kikanyagio kwa nusu saa. Shusha, pima. Kikibaki na mpindo unaozidi milimita 1, kipande hicho hakivaliwi. Rudia kipimo cha chaki kwenye kona na kwenye matundu.

Baada ya hapo ndipo mtu apande, miguu isizidi nusu mita kutoka chini, akiwa na mkanda wa usalama unaozunguka nguzo. Bizimu zikae upande wa nje, ncha za mikanda zielekee nyuma, vinginevyo siku moja mwiba utakanyaga mkanda wa mguu wa pili.

Jaribu kwenye mbao za aina mbili. Nguzo ya kreosoti, ile nyeusi, hupokea mwiba kwa upole. Ile ya kijani, iliyotiwa chumvi za shaba, kromiamu na aseniki, huwa kavu na ngumu juu. Mwiba uliofaulu kwenye nyeusi unaweza kushindwa hapo. Angalia pia mipasuko mirefu ya wima: mwiba ukiingia ndani ya ufa unahisi umezama, kumbe umesimama hewani.

Ukaguzi wa kila siku

Kila asubuhi tazama nyufa, miiba iliyolegea au butu, mikanda na bizimu. Jaribio la kuchomoka lifanyike angalau mara moja kwa wiki viatu vikiwa kazini. Vifuniko vya hosi virudi kwenye miiba mara ukishuka, na usitembee navyo kwenye mawe, usipande ngazi navyo, usiendeshe gari navyo. Chonga kipande cha bati chenye mfereji wa milimita 32 ukiweke kwenye mfuko wa zana: mwiba usiofikia mwisho wa mfereji unafunguliwa siku hiyohiyo, na ukatwe vipande viwili ili asije mtu akauokota na kuufunga tena.