Jinsi ya kutoa maoni yenye uzito juu ya riwaya za mbwa na riwaya za mapenzi zenye mizuka

Mtu anayetaka kujua kama riwaya fulani inamfaa hasaidiki kwa kuambiwa "nililia sana" au "sikupata usingizi". Machozi ni matokeo. Anachohitaji ni kujua mwandishi alipita njia gani hadi akayapata, na kama njia hiyo ilikuwa ya haki. Riwaya za mbwa zinazogusa moyo na riwaya za mapenzi zenye fumbo na mizuka huonewa sana katika jambo hili. Kwa kuwa zote mbili hulenga hisia waziwazi, wasomaji hudhani hisia peke yake ndiyo kipimo. Sivyo hata kidogo. Zina ufundi wake, na ufundi huo unapimika.

Anza na ahadi

Kabla ya kuzama kitabuni, soma jalada, maelezo ya nyuma na sura ya kwanza, kisha andika kwa sentensi mbili kitabu kinakuahidi nini. Jalada lenye kitoto cha mbwa kwenye kikapu cha maua linaahidi faraja. Jalada lenye nyumba gizani na mwanamke aliyeshika taa linaahidi hofu, na pengine mapenzi. Hifadhi karatasi hiyo mpaka mwisho, kwa sababu kosa kubwa la watoa maoni ni kukilaumu kitabu kwa kutokuwa kitu ambacho hakikudai kuwa. Kitabu cha faraja hakina kosa kwa kuwa na mwisho mwema. Kina kosa kikiahidi faraja halafu kikamchinja mbwa ukurasa wa 290 bila dalili yoyote.

Kisha gawa kitabu robo nne. Kama kina kurasa 320, simama ukurasa wa 80, wa 160 na wa 240. Kila kituo andika mistari mitatu: nini kimebadilika, nani anajua nini, na wewe unaamini nini kitafuata. Usiache hili hadi mwisho. Kurasa 30 za mwisho zikiwa nzuri zitafunika kurasa 100 za katikati zilizodorora, nawe utasifu kitabu kizima kwa sifa ya kipande.

Riwaya ya mbwa: tazama pua

Swali la kwanza ni nani anasimulia. Akiwa binadamu, kazi ni nyepesi kidogo. Akiwa mbwa mwenyewe, mwandishi amejitwisha mzigo mzito, na wewe una mahali pazuri pa kumpima.

Mbwa hutangulia kwa pua. Macho yake hubagua vizuri bluu na njano, lakini nyekundu na kijani kwake hukaribiana. Masikio yake hufika mitetemo kama 45,000 kwa sekunde, wakati ya binadamu kijana huishia karibu 20,000. Basi chukua ukurasa ambao mbwa anaingia chumba kigeni, uangalie kinachotajwa kwanza. Yakiwa mapazia mekundu na picha ukutani, huyo ni binadamu aliyevikwa ngozi ya mbwa.

Tuseme umekutana na sentensi hii ya kubuni: "Mlango ulipofunguka ilitangulia harufu ya sabuni, ikafuata ya mvua kwenye viatu, na chini yake, hafifu, ile harufu ya dawa aliyorudi nayo kila Alhamisi." Mpangilio wa harufu umekaa sawa: kali mbele, hafifu nyuma. Harufu ya dawa inafanya kazi maridadi zaidi, kwani msomaji anang'amua ugonjwa ambao mbwa hauelewi, na hapo ndipo moyo unapoguswa. Kinachochubua ni neno moja tu, "Alhamisi". Mbwa hana kalenda. Angeweza kusema siku ambazo mlango wa mbele hufungwa mapema na bakuli la maji kujazwa mara mbili. Ukiweza kuonyesha jambo dogo kama hilo katika maoni yako, msomaji atakuamini katika mengine yote.

Pili, kagua malezi. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63, na watoto huzaliwa macho yamefumba, yakaanza kufumbuka karibu na wiki ya pili. Kitoto cha siku tano kikimkazia macho bwana wake mtarajiwa, mwandishi hakuuliza. Chokoleti ni sumu kwa mbwa, zabibu zinaweza kuua figo zake, na vitunguu humharibia damu. Kwa hiyo tukio la familia yenye upendo kumlisha keki ya chokoleti si tukio la upendo, labda kama kitabu chenyewe kinakusudia msiba. Kutikisa mkia si furaha daima; mbwa mwenye wasiwasi naye hutikisa. Kupiga miayo bila usingizi, kulamba pua na kugeuza uso pembeni ni ishara za mbwa aliyebanwa, na mwandishi anayezijua atazitumia badala ya kutuambia "aliogopa".

Zaidi ya yote, angalia muda wa kupona. Mbwa aliyeteswa hatulii usiku wa kwanza eti kwa kuwa amempata mtu mwema. Riwaya inayomponya ndani ya kurasa tatu imepoteza sehemu tamu kuliko zote: zile wiki anazolala chini ya meza, mkono unaosogezwa karibu kidogo kila jioni, bakuli linaloliwa watu wakishaondoka. Mwandishi anayeruka hapo huwa hana budi kutafuta machozi kwingine, na mara nyingi huyatafuta katika kifo.

Makosa hayo usiyahesabu kwa uzito sawa. Kosa la kupita, lisilobeba chochote, litaje kwa nusu sentensi au liache. Kosa ambalo kisa kizima kimening'inia juu yake, lieleze.

Kifo cha mbwa

Wapo wasomaji ambao hawataki kabisa kusoma mbwa akifa, na wana haki. Wapo wasiotaka kujua lolote kabla. Njia ya kuwatendea haki wote wawili ni kuweka mstari wa tahadhari peke yake juu kabisa: "Kuna kifo cha mnyama." Usitaje ni mnyama gani, sura gani wala kwa sababu gani. Ukiingiza habari hiyo katikati ya aya, umemwaga mtama kwa asiyetaka na hujamwonya anayetaka.

Sasa pima kama chozi limelipiwa. Kipimo cha zamani na kizuri ni Argos, mbwa wa Odysseus, shujaa wa utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer. Amemngoja bwana wake miaka 20. Bwana anarudi amejigeuza ombaomba, mbwa anamtambua, anashusha masikio na kutikisa mkia, lakini hana nguvu ya kumsogelea. Odysseus naye hawezi kumsogelea, kwa maana akitambulikana atauawa. Anafuta chozi kwa siri. Mbwa anakufa. Tukio lote ni mistari michache. Linauma kwa sababu upendo upo na hauruhusiwi kuonekana, si kwa sababu mbwa amekufa.

Uliza maswali haya kwa kitabu chako. Je, mbwa ana tabia zake binafsi, au ni "mbwa mwaminifu" yeyote? Orodhesha mambo matatu aliyoyafanya kwa hiari yake yaliyobadilisha mkondo wa kisa. Ukikosa hata moja, yumo ili afe na binadamu ajifunze. Ugonjwa ulianza kuonekana lini? Ukitokea kurasa kumi kabla ya kifo, hiyo ni hila. Ukiwa uliachiwa vidokezo tangu robo ya pili, mbwa akisita mbele ya ngazi alizokuwa akizipanda mbio, hiyo ni kazi. Kwa upande wa mbwa anayengoja, kumbuka kwamba wasomaji wengi wanamjua Hachiko, aliyeendelea kumngoja bwana wake katika kituo cha Shibuya, Tokyo, tangu 1925 hadi alipokufa mwenyewe 1935. Riwaya ya mbwa anayengoja inapaswa kuongeza kitu juu ya hapo. Sema imeongeza nini.

Riwaya ya mapenzi yenye fumbo na mizuka

Hapa kuna nyuzi tatu, na kila moja ina deni lake. Mwaka 1928 S. S. Van Dine, mwandishi wa Marekani wa riwaya za upelelezi, alitoa kanuni 20 za hadithi za upelelezi. Mojawapo ilikataza mapenzi, nyingine ikakataza fumbo kufumbuliwa kwa njia zisizo za kawaida. Mwaka uliofuata Ronald Knox, padri na mwandishi wa Uingereza, naye alizitoa kanuni zake kumi, na nguvu za kimiujiza zikafungiwa mlango. Riwaya tunayoizungumza imesimama juu ya vyote walivyovikataza. Hilo si kosa. Lakini sababu ya katazo lao bado ina nguvu: mzuka akiweza kumnong'oneza mpelelezi jina la muuaji, msomaji ameibiwa nafasi yake ya kufikiri.

Kwa hiyo unaposoma, andika sheria za mzuka na ukurasa zilipotajwa. Anaweza nini? Hawezi nini? Analipa gharama gani akitumia uwezo wake? Sheria iliyotajwa ukurasa wa 40 na kutumika ukurasa wa 300 ni ufundi. Sheria inayozuka ukurasa wa 298 ili kumwokoa mhusika ukurasa wa 299 ni udanganyifu, na maoni yako yaseme hivyo bila kuzunguka. Kama mzuka hawezi kuvuka maji katika sura ya 3, halafu sura ya 28 yupo ng'ambo ya mto, taja sura zote mbili.

Jua pia kwamba kuna koo mbili za riwaya za mizuka, zote zikianzia kwa waandishi wa Uingereza. Katika riwaya ya Horace Walpole ya 1764 maajabu ni ya kweli. Katika ile maarufu ya Ann Radcliffe ya 1794 maajabu huishia kupewa maelezo ya kawaida. Kitabu chako kinaweza kufuata ukoo wowote, au kukuacha njia panda kwa makusudi. Usifichue ni upi iwapo jalada limenyamaza. Sema tu kama jibu lilitosha.

Kwa fumbo, tengeneza jedwali la safu nne: dokezo, ukurasa, nani aliliona, lilimaanisha nini. Ukimaliza, rudi nyuma. Je, kabla ya ufichuzi ulikuwa na vidokezo vya kutosha kumfikia mkosaji bila ndoto wala njozi? Mkosaji alionekana mara ya kwanza lini? Akiingia robo ya mwisho, fumbo halikuwa fumbo.

Mapenzi hupimwa kwa kikwazo. Jiulize nini kinawatenganisha wawili hawa. Kama mazungumzo ya dakika tano yangelimaliza jambo, kurasa 200 za kununa hazina msingi. Halafu liangalie suala la ridhaa, ambalo huteleza sana hapa: mzuka anayemtazama mtu chumbani bila kuonekana, mpenzi anayesoma mawazo, mwenye miaka 300 akimpenda mwenye 19. Mwandishi makini huliweka jambo hilo mezani na wahusika wakalizungumza. Akilipita kimya, litaje. Sema pia kama matukio ya kitandani yanaelezwa au mlango unafungwa, na kama kitabu ni cha ngapi katika mfululizo na kinaweza kusomwa peke yake. Wengi hukasirika kwa kuuziwa kitabu cha nne bila kujua.

Mwisho wa yote, chomoa uzi mmoja kichwani mwako. Ukiondoa mzuka na fumbo likabaki vilevile, mzuka alikuwa pambo. Tafuta tukio ambalo nyuzi tatu zinavutana kwa pamoja, ambapo kumfumbua muuaji ni kumpoteza mpenzi, kwa kuwa mzuka akitendewa haki huondoka. Kitabu chenye hata tukio moja la namna hiyo nakisamehe mengi.

Kuandika maoni yenyewe

Maneno 300 hadi 400 yanatosha. Kisa kieleze kwa maneno 60 hivi, na usivuke robo ya kwanza ya kitabu. Baada ya hapo chagua tukio moja ulifungue vizuri, kasoro moja na sababu yake, kisha taja msomaji anayefaa na asiyefaa.

Ukimaliza, pitia kila sentensi na ujiulize kama ingeweza kuhamishiwa kitabu kingine bila kubadilika. "Wahusika wanavutia na kisa kinasisimua" inahamishika popote, ifute. "Mbwa anakataa kupita mbele ya chumba cha ghorofani tangu sura ya 2, na hatuelezwi kwa nini mpaka tumeshaacha kujiuliza" haihamishiki, ibaki.

Tenganisha "sikipendi" na "kimekosea". Kuchoshwa na mizuka ni ladha yako. Mzuka kuvunja sheria zake ni kosa la kitabu. Nyota zako zifuate kosa zaidi kuliko ladha. Ukiwa umekisikiliza kwa sauti, mhukumu msomaji wa sauti kando na mwandishi. Kikiwa tafsiri, mtaje mfasiri kabla ya kulaumu lugha. Ukiwa umepewa kitabu bure, sema. Ukiwa hukumaliza, taja ukurasa ulioishia na kilichokusimamisha, wala usikipe nyota.

Kama umelia kurasa za mwisho, acha rasimu ilale usiku mmoja. Asubuhi itoe ile karatasi ya ahadi, uisome kabla ya kugusa idadi ya nyota.