Jinsi ya kutumia kitenzi "calumniate" katika sentensi zako

Wanafunzi wangu hukutana na "calumniate" kwenye makala nzito, wakakipenda, kisha wakakichomeka pasipofaa. Mimi hukifundisha hivi.

Hatua ya 1: Shika maana. Ni kumsingizia mtu jambo baya na kumharibia jina. Usikichanganye na kusengenya: msengenyaji anaweza kusema kweli tupu, ila anaisema kisogoni. Hapa lazima pawe na uongo. Jirani akikopa asilipe, nawe ukayatangaza hayo, kitenzi hiki hakikuhusu.

Hatua ya 2: Tamka ka-LAM-ni-eit. Mkazo uko silabi ya pili, na "m" na "n" zote husikika.

Hatua ya 3: Weka yambwa moja tu, yaani mtu au kitu kimoja kinachotendewa. Hapa ndipo wengi wanapokwama, na kosa linatoka kwenye Kiswahili chetu. Sisi husema "Amenisingizia wizi", yambwa mbili, na sentensi imetimia. Ukiihamisha hivyo hivyo unapata "He calumniated me theft", ambayo si Kiingereza. Kitenzi hiki kinamtaka aliyechafuliwa jina peke yake, uongo wenyewe upeleke nyuma kwa "by": "He calumniated me by telling everyone I had stolen the money." Usitangulize "about" wala "to" mbele ya mtu huyo. Na kama wizi ndio kiini cha habari, badili kitenzi kabisa: "He falsely accused me of theft." Kwa mazungumzo ya kawaida, mimi ningechagua hii.

Hatua ya 4: Jaribu kauli ya kutendwa. "Alisingiziwa na watu aliowaamini" inakuwa "She was calumniated by people she had trusted." Hapa lugha zote mbili zinakwenda sambamba, kwa hiyo anzia hapa ukiwa bado na wasiwasi.

Hatua ya 5: Pima uzito. Ni neno la insha, hotuba na barua rasmi. Kwenye ujumbe wa simu andika "They're spreading lies about me." Kwa mambo ya sheria, tumia "defame", uongo wa mdomo huitwa "slander", wa maandishi "libel".

Sasa tafsiri mwenyewe: "Usimsingizie mtu usiyemjua." Ukipata "Do not calumniate someone you do not know", bila kihusishi kati ya kitenzi na mtu, umekishika.