Mikorosho michanga: msiache nafasi ikae bure

Wenye mikorosho michanga huku Newala na Tandahimba, ile nafasi ya mita 12 kwa 12 msiiache wazi jamani, pandeni kunde, njugu mawe au mbaazi kama wazee walivyokuwa wanafanya, mizizi yake inavuta naitrojeni ya hewani inaiingiza ardhini na huu udongo wetu wa kichanga unaihitaji kwelikweli. Ila mbaazi kaeni nayo mbali kidogo na shina, inarefuka inaziba mwanga. Mkishavuna msichome moto, majani na mabua yaacheni yafunike ardhi yaoze taratibu (najua mtasema nyoka, haya fyekeni njia ya kupita). Moto ukishapita kwenye mkorosho mchanga ndo basi tena, na wa jirani nao unaondoka.