Somo: Pikapu imelala upande mmoja? Pima kwanza, springi utanunua baadaye

Hilux yangu ya zamani, yenye majani (springi za vyuma bapa vilivyopangwa) nyuma na tosheni baa (chuma kirefu kinachojisokota kubeba uzito) mbele, ilianza kulala kushoto. Fundi akasema shokapu. Nikanunua mbili, zikafungwa, gari likabaki limelala vilevile. Shokapu ya mafuta haibebi uzito wa gari, inatuliza mruko tu. Ndiyo sababu ya somo hili.

1. Shusha mzigo wote, sawazisha upepo, hakikisha tairi ni saizi moja. Tafuta sakafu iliyonyooka. Zege la sheli lina mteremko wa maji, usiliamini. Ukiwa na shaka, pima, geuza gari lielekee lilikotoka, kisha pima tena.

2. Chukua tepu. Pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa fenda, pembe zote nne, uandike. Ukipima hivyo tairi haiingii kwenye hesabu. Tofauti ya sentimita moja isikunyime usingizi. Pima na chesesi (fremu ya chini) pia: ikiwa imenyooka ila kabini ndiyo imeinama, kagua raba za bodi, springi hazina kosa.

3. Hapa ndipo penye siri. Zuia tairi za mbele kwa mawe, maana hendibreki inashika za nyuma na wewe unakwenda kuzinyanyua. Weka jeki katikati ya difu, lile bonge la katikati ya ekseli ya nyuma, inua mpaka tairi zote mbili za nyuma ziachie ardhi kidogo. Gari sasa limekaa kama bajaji iliyogeuzwa: miguu miwili mbele, mmoja nyuma. Ekseli ya nyuma inacheza huru, kwa hiyo mbele ndiko kunakoamua. Likinyooka, ugonjwa uko nyuma. Likiendelea kulala, uko mbele. Usiingie chini yake likiwa juu ya jeki.

4. Nyuma: hesabu majani kila upande. Yangu yalikuwa matano kulia, manne kushoto, aliyeniuzia hakusema. Angalia jani lililokatika chini ya kibanio, bushi zilizoisha, na bolti ya senta, inayofunga majani pamoja. Ikikatika, ekseli husogea, na utaona tairi moja imekaribia fenda kuliko mwenzake.

5. Mbele: tosheni baa ina bolti ya kurekebishia. Inua gari kwanza, kaza nusu mzunguko, shusha, endesha kidogo springi zikae, ndipo upime. Ukimaliza, fanya alaimenti (kunyoosha tairi).

MASWALI

Mkuu, siwezi kuongeza jani moja upande ulioshuka tu?
Unaweza, na litasimama vizuri wiki chache. Majani yaliyochoka yataendelea kushuka na jipya litabeba peke yake. Badilisha pande zote mbili.

Hilux Vigo yangu haina tosheni baa mbele.
Ina springi ya mviringo iliyofungwa pamoja na shokapu. Pima vilevile, kisha mulika tochi mzunguko wa chini kabisa, hapo ndipo hupenda kukatika. Usiifungue bila kibanio cha springi. Ikifyatuka inavunja mtu.

Langu linalala likipakiwa tu, tupu limenyooka.
Mzigo unauweka katikati au upande wa mlango unaopakilia? Anza hapo, mkuu. Kama uko katikati, lala chini na tochi uangalie majani ya upande unaoshuka, gari likiwa limesimama kwa tairi zake.