Dereva akikutishia barabarani: mwongozo kwa waendesha baiskeli wa Tabora

Mwongozo huu umetokana na kazi ya kumsindikiza muuza maziwa mmoja wa hapa Tabora kituoni, hospitali na kwa watu wa bima, baada ya lori kumsukuma nje ya lami kwenye barabara ya Nzega na kuendelea na safari yake. Unawahusu wanaotegemea baiskeli kwa kazi: wabeba mkaa, wauza maziwa, wakulima wa tumbaku wanaoingia mjini kutoka upande wa Urambo au Sikonge, na walimu wa vijijini ambao hawana usafiri mwingine. Msimamo wangu nausema mapema: dereva mkorofi hashindwi kwa matusi wala kwa ngumi, hushindwa kwa namba ya gari iliyoandikwa sawasawa, na muda unaoutumia kumjibu ndio huo huo ambao namba hiyo inatokomea.

Hatua ya 1: Funga kioo kabla ya kitu kingine chochote

Watu wengi huanza na kengele. Kengele inafaa sokoni na kwenye vichochoro vya Kanyenye, lakini dereva wa basi aliyepandisha vioo haisikii hata ukiipiga mpaka kidole kiume. Kinachokufaa zaidi ni kioo cha pembeni, na kile cha pikipiki kinachouzwa kwenye maduka ya vipuri vya bodaboda kinatosha. Kifungwe upande wa kulia wa usukani, kwa kuwa magari hukupita upande huo. Kwenye baiskeli za Phoenix zenye breki za vyuma, bano la kioo hugombana na chuma cha breki. Lisogeze ndani karibu na shingo ya usukani, na chini yake uzungushie kipande cha tyubu kuukuu ili lisiteleze wala kutetemeka, maana kioo kinachotetemeka hukuonyesha malori matatu pale palipo na moja.

Taa nyeupe mbele, rifrekta nyekundu nyuma, na kizibao cha kuakisi mwanga kwa anayetoka alfajiri. Vifaa vya kusikilizia muziki vibaki nyumbani, hilo silijadili.

Hatua ya 2: Tofautisha mzembe na mkorofi

Honi ndefu ya basi la mikoani si tusi. Mara nyingi maana yake ni kwamba dereva amekuona, anakuja, na hana nia ya kupunguza mwendo, hata kama yuko katikati ya makazi ambako mwisho wa mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Vivyo hivyo, gari linalotoka mbele yako huku likipita jingine na kukumulika taa kubwa halikupi nafasi, linakutaka uondoke. Noah na Hiace za abiria hukuchomekea kwa sababu zimeona abiria kituoni, na bodaboda hukupitia kushoto kwa sababu kulia pamejaa. Wote hawa wanaweza kukuua, lakini hawakufuati wewe, na ukishawapisha habari yao imekwisha.

Mkorofi utamtambua kwa kurudia. Anapunguza mwendo alingane na wewe, anakusogelea ubavuni makusudi, au anakupita kisha anakanyaga breki mbele yako. Huyo ndiye anayehitaji hatua zinazofuata.

Hatua ya 3: Toka barabarani mapema, na utoke vizuri

Usisubiri kuona kama dereva atakupisha. Kioo kikikuonyesha gari kubwa nyuma na mbele yako linakuja jingine, jua kwamba yatakutana pale ulipo, na barabara yetu ya njia mbili haina nafasi ya watatu. Anza kutoka yakiwa bado mbali.

Ukingo wa lami ndio unaoangusha watu kuliko magari yenyewe. Mvua huula, na mahali pengine lami imebaki juu ya changarawe kwa kimo cha kiganja. Ukishuka kwa kuambaa nao, gurudumu la mbele hushikwa na ule ukingo na baiskeli inakumwaga upande wa kulia, yaani kwenye magari. Shuka kwa kuukata, usukani ukiwa umeuelekeza nje kabisa, mwendo ukiwa umepungua na mikono ikiwa imelegea kidogo. Kurudi ni vivyo hivyo: simama, angalia nyuma, kisha upande juu kwa kuukata. Aliyebeba magunia ya mkaa ashuke na kusukuma, kwa sababu mzigo huo ni mpana kuliko mabega yake, na upepo wa lori refu huisukuma baiskeli nje kwanza, kisha huivuta kuelekea kwenye magurudumu ya nyuma linapomalizia kupita.

Kwenye barabara za vumbi, baada ya gari kukupita usiendelee mpaka utakapoona mbele na nyuma. Vumbi la gari la kwanza humficha dereva wa gari la pili, na huyo wa pili hakuoni kabisa.

Palipo na daraja jembamba nina maoni ambayo wengi hawayapendi: angalia kioo, hakikisha nyuma pako wazi, kisha shika katikati ya upande wako mpaka umalize kuvuka. Anayejibana pembeni mwa daraja humpa dereva tamaa ya kupenya, na hapo hakuna pa kushukia.

Hatua ya 4: Usimjibu

Usipige bodi ya gari kwa kiganja, usionyeshe kidole, usimfukuze hadi kwenye foleni ya mataa au ya stendi. Akisimama na kushuka, wewe nawe shuka na uiweke baiskeli katikati yenu, kisha usogee taratibu kuelekea walipo watu: dukani, kwa fundi, kijiweni. Sauti iwe ya chini. "Samahani mkubwa, pita salama" haikupunguzii chochote, hata kama kosa ni lake.

Waliotoka porini wana jambo la ziada. Panga au shoka lililofungwa kwenye mwamba wa baiskeli lisiguswe kwa sababu yoyote, hata kulisogeza tu lisikuchome mguu. Ukilishika mbele ya dereva aliyekasirika, maelezo yatakayofika polisi ni kwamba ulimtishia kwa silaha, na hapo anayetakiwa kujieleza ni wewe.

Umati ukijaa na kuanza kumzonga dereva, uzuie kadiri unavyoweza. Dereva anayeogopa kupigwa huondoka na gari lake, na ushahidi wako huondoka naye.

Hatua ya 5: Shika namba ya gari

Hapa ndipo muuza maziwa wangu alipozungushwa siku nyingi, na ndiyo maana nitakaa hapa kwa muda mrefu.

Namba za kawaida za Tanzania huanza na T, zikafuata tarakimu tatu na herufi tatu. Usijaribu kushika zote kwa pamoja. Shika tarakimu kwanza, kisha herufi ya mwisho, halafu zilizobaki. Rangi ya kibao nayo inasaidia: cha njano ni cha gari la mtu binafsi, cheupe ni cha gari la biashara. Pikipiki na bajaji huanza na MC. Magari ya umma yana herufi zake, kama STK, SU, au DFP kwa miradi ya wafadhili, na herufi hizo ziandikwe zilivyo, kwa kuwa ndizo zitakazoonyesha ofisi ya kuifuata.

Sasa mtego wenyewe. Lori lenye tela hubeba namba mbili tofauti: kichwa kina yake na tela lina yake, kwa sababu husajiliwa kila kimoja peke yake. Lori likishakupita, kibao unachokiona nyuma ni cha tela. Muuza maziwa aliandika namba hiyo vizuri kabisa, tena kwa msumari kwenye rangi ya madigadi, lakini aliitoa kituoni kama namba ya lori. Ilipotafutwa, likapatikana tela la mmiliki asiyekuwa na habari na safari hiyo, kwani tela huweza kuvutwa leo na kichwa hiki na kesho na kingine. Ikabidi kuanza upya kwa kuuliza kwenye mizani na vituo vya mafuta ni kichwa gani kililivuta siku hiyo. Kwa hiyo:

- Ukiisoma namba nyuma ya lori refu, sema na uandike "namba ya tela". Usiandike "namba ya gari".
- Namba ya kichwa huonekana mbele na mara nyingi huchorwa pia kwenye milango. Ukiwa na kioo, unaweza kuiona kabla lori halijakufikia, ingawa kioo huigeuza. Mlango ndio wa kutegemea zaidi.
- Ukikosa namba ya kichwa, shika rangi ya kichwa, jina la kampuni mlangoni, aina ya mzigo na rangi ya turubai.

Fuso na mabasi husaidia kwa maandishi yao. Anayesahau namba hasahau kwamba nyuma paliandikwa "Riziki Mafungu" kwa rangi nyekundu, na trafiki wa vituo vya mbele huyajua maandishi hayo kuliko unavyofikiri. Kwa bodaboda ambaye kibao chake kimejaa tope, angalia alikotokea, kisha umwone mwenyekiti wa kijiwe hicho kabla jua halijazama.

Magari ya nje, hasa yanayokwenda Burundi na Kongo, yana vibao vya nchi zao. Andika namba yote pamoja na nchi. Yanapoingia hapa mengi hutumia bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, hivyo yasikukatishe tamaa kwa sababu tu ni ya wageni.

Namna ya kuiandika hutegemea ulicho nacho. Mwenye simu kubwa asihangaike kupiga picha gari likiwa limeshaondoka. Afungue kinasa sauti na kuisoma namba kwa sauti, pamoja na rangi, saa na mahali. Mwenye kitochi aibonyeze kama anayeandika ujumbe, kisha auhifadhi. Kalamu kwenye kiganja chenye jasho siishauri. Msumari kwenye madigadi ulifanya kazi, na kijiti mchangani kinafaa ikiwa kuna mtu wa kubaki kulinda maandishi mpaka karatasi ipatikane.

Saa usiikadirie. Mabasi ya mikoani yana mfumo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, unaofuatilia mahali yalipo na mwendo wake, na ukisema "saa nne kasoro dakika kumi, baada tu ya daraja", kuna rekodi inayoweza kulinganishwa na maneno yako. Ukisema "asubuhi asubuhi", hakuna.

Mwisho wa hatua hii ni mashahidi. Chukua jina na simu ya mtu mmoja aliyeona, hata akiwa mama muuza maembe. Watu hutawanyika haraka.

Hatua ya 6: Kituoni na hospitali

Anayevuja damu au aliyegonga kichwa apelekwe hospitali kwanza, Kitete au kituo cha afya kilicho karibu, na mtu mwingine akafuate polisi PF3, fomu ya majeruhi. Ikiwa eneo ni la hatari na huna msaada, piga 112.

Kituoni omba mambo mawili yasichanganywe. Moja ni taarifa yako kuandikwa, nawe upewe namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa hiyo. Pili ni fomu ya PF3, ambayo daktari huijaza na kurudishwa polisi. Kabla ya kuirudisha, itoe kopi au uipige picha pande zote mbili, kwa sababu watu wa bima wataiulizia. Baiskeli isisogezwe mpaka trafiki apime na kuchora mchoro wa ajali. Ikilazimika kusogezwa, piga picha kwanza.

Kama hukuguswa ila ulitishiwa, bado unaweza kuripoti. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inahusu pia uendeshaji wa hatari, si ajali peke yake. Basi la abiria lilalamikiwe kwa trafiki na LATRA pia.

Hatua ya 7: Akisema "tumalizane"

Ringi iliyopinda na maziwa yaliyomwagika mnaweza kuyamaliza palepale, kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, kila mmoja akiweka sahihi na kubaki na nakala. Mwili usiumalize barabarani. Kiuno kilichogongwa saa tano kinaweza kuanza kuuma kesho yake alfajiri, na karatasi iliyoandikwa "sidai chochote" itakuwa imeshasainiwa. Magari ya watu binafsi na ya biashara yanalazimika kuwa na bima ya mtu wa tatu, na wewe ndiye huyo mtu wa tatu. Andika jina la kampuni ya bima na tarehe ya mwisho wake palepale.

Hatua ya 8: Baiskeli yenyewe

Fundi asiinyooshe kabla polisi hawajamaliza nayo, na risiti za vipuri zitunzwe pamoja na zile za hospitali. Kabla ya kuipanda tena, angalia uma wa mbele pale unapoingia kwenye shingo ya fremu. Rangi ikiwa imepasuka kwa mstari mwembamba, chuma kilicho chini yake kimejikunja, na uma ukishanyooshwa kwa nyundo huweza kukatika ukiwa na mzigo. Ubadilishe mzima, na ule wa zamani uuhifadhi mpaka madai yaishe.