Hadwea ya kusini: mshike mteja kabla korosho haijalipwa

Wakuu, kuna watu wananiuliza hadwea yangu hapa Masasi, Mtwara, inafanyaje mpaka wateja wanarudi walewale wakati mtaa mzima ni maduka ya bati, sasa ntaelekeza ninavyofanya mimi.

Kwanza jua hela ya huku inaingia lini. Minada ya korosho inaanza Oktoba huko, wakulima wanalipwa mpaka kwenye Desemba, na mvua nayo ndo inakaribia, kwaiyo kila mtu anataka kuezeka kwa mpigo. Wenye maduka wengi wanasubiri msimu ndo waanze kuchekea watu. Umeshachelewa! Mtu anaekuja mwezi wa 11 na hela ya bati 60 duka alishalichagua tangu mwezi wa 5, siku aliyokuja kununua misumari nusu kilo na komeo la mlango akaona unavyompokea. Huyo usimnunie, hata kama anauliza bei tu muandikie kwenye karatasi aende nayo.

Kudunduliza nako ruhusu. Mama wa samaki anakuachia elfu 10 leo, wiki ijayo elfu 20, mpaka bati zinatimia. Wewe uwe na daftari yeye awe na kadi, kila akileta mnaandika pote pawili mnasaini. Mimi hela aliyoleta naigeuza bati kwa bei ya siku hiyohiyo, bei ikipanda kesho zile ni zake. Inauma kidogo ila mtu wa hivyo hahami.

Alafu geji. Wengi wanadhani bati la geji 32 ni nene kuliko la 28 kisa namba kubwa, kumbe namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Mwambie kabla hajauliza, mpe ayashike yote mawili. Anaejenga karibu na bahari, Mikindani au Lindi mjini, mwambie na habari ya chumvi, inakula bati upesi asikimbilie rahisi. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa icheze kwenye kilo 10 na nusu hivi, weka mzani apime mwenyewe, mimi tangu niweke mzani, yale maneno ya "nondo zake nyembamba" siyasikii tena.

Sasa fundi, maana tusidanganyane, fundi ndo anaechagua duka. Zamani cha juu chake, ile hela anayotaka kwa kukuletea mteja, nilikua nakipachika kwenye bei ya mteja, mpaka mzee mmoja akapita duka la jirani akarudi na karatasi yangu mkononi, akaniambia tu "mwanangu, hata wewe?" akaondoka na sijamuona tena. Siku hizi fundi nampa kwenye faida yangu, bei ya kwenye risiti ni moja kwa wote.

Mfuko wa saruji ulioshika unyevu badilisha bila maneno, ila wewe ndo upange juu ya mbao, ya zamani itoke kwanza.

Mkopo wa kulipwa msimu unakubalika kwa unaemjua, ila andika shilingi usiandike kilo za korosho, ukiandika kilo hiyo ni kangomba, yani kununua korosho ya mkulima kienyeji nje ya mnada, na serikali haitaki hata kuisikia. Na chukua namba ya simu ya mkewe, maana ya kwake msimu ukifika huwa haipatikani.