Kujua hali ya hewa ya jiji kabla hujafunga mizigo: mwongozo wa hatua kwa hatua

Nilisoma vipimajoto na vipimamvua kituoni kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia upande wa takwimu, na tangu hapo jamaa wanaotaka kuhama hunijia na swali lile lile: "Huko kukoje?" Nikiwauliza wao wameona nini, hunionyesha namba moja waliyoiokota mtandaoni. Wastani wa mwaka, nyuzi 14 za Selsiasi. Wameridhika, maana nyuzi 14 si baridi ya kumtisha mtu.

Namba hiyo inaweza kuwa ya San Francisco. Na ukipunguza nyuzi moja hivi, inakuwa ya Beijing. San Francisco, wastani wa kila mwezi huzunguka kati ya nyuzi 10 na 18 mwaka mzima. Sweta moja zuri linakutosha. Beijing, Januari iko chini ya sifuri na Julai inakaribia 27, kwa hiyo anayehamia huko anahitaji makabati mawili ya nguo. Njia ninayoieleza hapa ni ya kulichambua jedwali mpaka likuonyeshe saa za maisha yako: ya kwenda kazini, ya kulala, na siku ya kufua.

Hatua ya 1: Andika siku yako kwenye karatasi

Unatoka nyumbani saa ngapi, unarudi saa ngapi? Unatembea, unapanda basi, au una gari? Nyumbani kuna mtoto mchanga, mzee, mtu mwenye pumu? Unaweza kulala kwenye joto? Kazi yenyewe ni ya ndani au ya juani? Dakika kumi zinatosha. Karatasi hiyo ibaki mezani hadi mwisho.

Hatua ya 2: Tafuta jedwali la miezi, la miaka 30

Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeweka kipimo cha miaka 30 kuwa ndicho cha kulinganishia, na kipindi kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020. Mamlaka ya hali ya hewa ya nchi unayokwenda kwa kawaida hutoa jedwali hilo bure. Unataka miezi yote 12, na kwa kila mwezi: joto la juu la mchana, joto la chini la usiku, milimita za mvua, idadi ya siku za mvua na saa za jua. Jedwali lenye wastani mmoja tu kwa mwezi liache.

Angalia pia jiji liko upande gani wa ikweta. Unacheka, lakini nimeona mtu akipanga kuwasili Melbourne mwezi Januari akiwa na makoti mazito, na Januari huko ni katikati ya kiangazi.

Jambo jingine: katikati ya miaka 1991–2020 ni 2005, na dunia imezidi kupata joto tangu hapo. Mimi huongeza nusu nyuzi kichwani ninaposoma majedwali haya, kisha naangalia miaka kumi ya karibuni kama ipo.

Hatua ya 3: Uliza kipimajoto kiko wapi

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo. Kipimajoto rasmi hukaa ndani ya kisanduku cheupe chenye kuta za luva, yaani zenye mianya ya kupitisha hewa, kati ya mita 1.25 na 2 juu ya ardhi, aghalabu juu ya nyasi, mahali penye hewa. Jua halikigusi. Kwa hiyo jedwali likisema 33, hizo ni 33 za kivulini. Wewe uliyesimama kituo cha basi kisicho na paa, juu ya lami, una hesabu nyingine.

Vituo vingi viko uwanja wa ndege, nje ya mji. Usiku, saruji na lami za katikati ya jiji hurudisha joto zililokusanya mchana, na tofauti na kule uwanjani inaweza kufika nyuzi kadhaa, hasa usiku mkavu usio na upepo. Kama utapanga ghorofa katikati ya mji, usiku wako utakuwa wa joto kuliko jedwali linavyosema.

Kisha mwinuko. Kwa wastani joto hushuka kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Jiji lililojengwa kwenye miteremko, mtaa wa juu unaweza kuzidi kituo kwa mita 500, nawe ukapoteza nyuzi tatu bila kuvuka mpaka wa mji. Tafuta mwinuko wa kituo, tafuta wa mtaa, toa, gawa kwa 1,000, kisha zidisha kwa 6.5.

Programu nyingi za simu hazitumii kituo kabisa. Huchukua hesabu za kompyuta zinazoijenga upya hali ya hewa iliyopita. Mojawapo maarufu ni ERA5 ya kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, ambayo huigawa dunia katika miraba yenye upana wa kilomita 31 hivi. Ni kazi nzuri sana, naitumia kila wiki. Ila mraba mmoja wa namna hiyo unaweza kumeza ufuo, bonde na mlima, ukakupa joto la mahali pasipokuwepo.

Hatua ya 4: Soma usiku kwanza

Joto la mchana unaweza kulikimbia kwa kukaa ofisini. Usiku uko kwako, na bili ni yako. Singapore iko nyuzi moja tu ya latitudo kutoka ikweta: mchana 31 au 32, usiku karibu 25, Januari hadi Desemba. Bogotá nayo haiko mbali na ikweta, lakini imekaa mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Wastani wake ni kama 14 na usiku utataka blanketi. Aliyekariri kwamba ikweta ni joto atafika Bogotá na mashati ya mikono mifupi.

Zungushia duara miezi ambayo usiku haushuki chini ya 24, na ile ambayo unashuka chini ya 5. Hiyo ndiyo miezi utakayolipia upoozaji au upashaji joto. Weka kwenye bajeti kabla ya kukubali mshahara.

Hatua ya 5: Pima fukuto kwa kiwango cha umande

Watu hukimbilia asilimia ya unyevunyevu, na asilimia hiyo hudanganya. Alfajiri yenye nyuzi 10 na unyevu wa asilimia 90 haina fukuto lolote. Kinachokusumbua ni mvuke uliomo hewani, na kipimo chake ni kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo, umande huanza kutua. Jasho hukupoza linapokauka; hewa ikiwa imeshiba mvuke, jasho halikauki, linatiririka tu.

Hesabu ya haraka ninayoitumia, unyevu ukiwa juu ya asilimia 50: kwa kila asilimia 5 zilizopungua kutoka 100, toa nyuzi moja kwenye joto. Nyuzi 30 na unyevu wa 70: zimepungua 30, toa 6, kiwango cha umande ni 24. Ile alfajiri ya nyuzi 10 na unyevu wa 90 inatoa 8. Chini ya 15 hewa ni nyepesi. Kuanzia 20 utaanza kulalamika. Ikifika 24 shati linaganda mgongoni kabla hujafika kituoni.

Tahadhari moja: joto na unyevu lazima viwe vya saa ile ile. Ukichukua joto la saa nane mchana ukalichanganya na unyevu wa saa kumi na mbili asubuhi, utapata jehanamu ambayo haipo duniani.

Ndiyo maana Riyadh na Doha hazifanani japo zote ni jangwa. Riyadh mwezi Julai hufika 43, lakini hewa ni kavu. Kivuli kinasaidia na usiku unapumua. Doha mwezi Agosti joto la juu ni 41 hivi, ila bahari ya Ghuba vuguvugu inaijaza hewa mvuke, na usiku haukupi nafuu. Mimi ningechagua 43 ya Riyadh.

Hatua ya 6: Igawe mvua mara tatu

Milimita ngapi, siku ngapi, mwezi gani. Ukijua moja tu hujui kitu.

Roma hupata milimita nyingi kwa mwaka kuliko London, jambo ambalo huwashangaza watu. London hupata kama 600. Lakini hizo 600 hunyunyiza katika siku zaidi ya 100, miezi yote; Roma humwagiwa zaidi msimu wa vuli, na Julai huwa karibu kavu. Mumbai hupata zaidi ya milimita 2,000, karibu zote kati ya Juni na Septemba, na miezi iliyobaki unaweza kusahau mwavuli ulikouweka. Ukiwa na kazi ya nje, hayo ni maisha matatu tofauti.

Lima ndiyo ninayoipenda kufundishia. Mvua yake kwa mwaka mzima haifiki milimita 20. Mtu akiona hivyo huwazia jua kali. Kumbe mkondo baridi wa bahari, ule wa Humboldt, huipoza hewa ya pwani, wingu zito hutanda chini, na kuanzia Juni hadi Septemba jiji hukaa chini ya anga la kijivu lenye rasharasha inayoitwa garúa. Kipimamvua hakipati kitu, na nguo hazikauki. Kwa hiyo linganisha safu ya mvua na safu ya saa za jua. Zikipingana, iamini ya jua.

Soma pia maelezo madogo chini ya jedwali. "Siku ya mvua" mara nyingi ni siku yenye milimita 1 au zaidi, lakini wengine huhesabu kuanzia 0.1, na hesabu ya siku inavimba.

Hatua ya 7: Hesabu mwanga

Urefu wa mchana ni hesabu ya latitudo tu, hauna bahati nasibu. Helsinki katikati ya Desemba jua huchomoza saa tatu na kitu asubuhi na kuzama saa tisa na kitu alasiri. Kisha mawingu huja juu ya hapo: mwezi mzima wa Desemba hupata kama saa 30 za jua tu. Juni mambo hugeuka, mchana wa karibu saa 19, na utahitaji mapazia mazito ili ulale. Aliyekulia karibu na ikweta huulizia baridi ya kaskazini asubuhi na jioni, haulizii giza, na giza ndilo humkalia vibaya zaidi. Koti linanunuliwa.

Hatua ya 8: Upepo, moshi, vimbunga

Upepo wa kilomita 30 kwa saa huifanya nyuzi 10 chini ya sifuri ihisike kama 20 chini ya sifuri. Jiji kama Wellington, lililo kwenye mlango wa bahari ya Cook unaoubana upepo, joto lake kwenye jedwali ni la upole kuliko utakavyolihisi.

Hewa chafu ina majira yake. Ulaanbaatar wakati wa baridi, moshi wa makaa hunaswa bondeni chini ya hewa yenye joto iliyotanda juu yake. Delhi huwa mbaya kuanzia Novemba. Tafuta kiwango cha PM2.5, yaani chembechembe ndogo mno zinazoelea hewani, mwezi kwa mwezi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 liliweka mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kuwa kikomo cha wastani wa mwaka. Kama nyumbani kuna pumu, safu hii iweke mbele ya joto.

Vimbunga: Atlantiki, 1 Juni hadi 30 Novemba, kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, Novemba hadi Aprili, magharibi mwa Pasifiki mwezi wowote, ila vingi ni Julai hadi Oktoba. Usipange kuhamisha vyombo kwa meli katikati ya majira hayo.

Hatua ya 9: Waulize wenyeji, lakini uliza vizuri

"Hali ya hewa ikoje?" ni swali la salamu, nawe utapewa jibu la salamu: nzuri tu. Mimi huuliza hivi: Mwezi gani hupendi kabisa? Nguo hukauka kwa siku ngapi mwezi huo? Usiku unalala na nini, feni, blanketi, dirisha wazi? Mara ya mwisho barabara kufurika ilikuwa lini, na mtaa gani? Swali la nguo pekee limewahi kunipa habari zaidi ya jedwali zima.

Ukiweza kwenda kuangalia, nenda mwezi huo wasioupenda. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hali ya hewa nayo huwa hivyo, kwa hiyo kaa angalau wiki.

Hatua ya 10: Kagua nyumba kama kituo cha hali ya hewa

Mwisho wa yote utaishi ndani ya kuta. Ghorofa ya juu kabisa chini ya bati au zege tupu hupika mchana. Ya chini huvuta unyevu. Kaskazini mwa ikweta, mbali na tropiki, dirisha linaloelekea kusini ndilo hupata jua la majira ya baridi. Kusini mwa ikweta ni linaloelekea kaskazini. Beba dira, au tumia ile ya simu.

Vuta kabati mbali na ukuta wa nje na unuse nyuma yake. Angalia pembe za dari na chini ya dirisha la bafu. Ukikuta rangi mpya imepakwa kwenye pembe moja tu na chumba kizima ni cha zamani, muulize mwenye nyumba kilichokuwa chini ya rangi hiyo, halafu nyamaza umsikilize.